Vigae vya Lakishi



Walimu wenzetu wajua ya kuwa liko swali moja ambalo mwalimu hulichukia kuliko yote, nalo ni lile asiloweza kulijibu, likaulizwa na kijana mbele ya wazee. Swali la namna hiyo lilitupata sisi miaka kadhaa iliyopita, nasi tukalijibu vibaya. Twataka kuwaeleza habari hiyo, si kwa kuwa ni nzuri, bali kwa kuwa kilichotufundisha kosa letu ni habari ya mji mmoja wa kale, mji wa Lakishi, nayo yafaa ijulikane katika nyumba za Wakristo.

Siku ile tulikuwa tukilifundisha darasa la ubatizo habari za kuanguka kwa kuta za Yeriko. Tukasema kwa sauti kuu ya kwamba wataalamu wamechimba mahali pale, wakaziona kuta zile zile za siku za Yoshua zimelala chini, na asiyesadiki sasa ni mpumbavu. Maneno hayo tuliyapata katika kitabu kikuukuu, wala hatukuuliza kiliandikwa lini. Palikuwa na kijana wa shule ya sekondari, aliyekuja likizo kwa bibi yake. Akanyosha mkono, akasema kwa adabu: "Samahani, Mwalimu. Shuleni tumesoma ya kuwa alikuja mchimbaji mwingine baadaye, akaona kuta zile ni za zamani zaidi. Je, ni kweli?"

Hatukujua. Ilitupasa kumwambia, "Mwanangu, hatujui, tutatafuta." Lakini tuliona aibu mbele ya wazee, na aibu ikageuka kuwa hasira. Tukamkemea, tukasema elimu imemlevya. Bibi yake, aliyeketi ubao wa nyuma, akainamisha kichwa. Jumapili iliyofuata kijana hakuja, wala ile ya pili yake, hata likizo ikaisha akarudi shuleni.

Neno lile halikutuacha tulale vema. Basi tulipopata ruhusa ya kusoma katika maktaba ya chuo cha walimu, tulilitafuta, tukaona ya kuwa kijana alisema kweli. John Garstang, aliyechimba Yeriko tangu mwaka 1930 hata 1936, ndiye aliyetangaza ya kuwa ameziona kuta za siku za Yoshua. Lakini Kathleen Kenyon alichimba tena tangu 1952 hata 1958 kwa uangalifu mwingi zaidi, akaonyesha ya kuwa kuta zile zilikuwa za zamani kuliko alivyodhani Garstang, tena kwa miaka ipatayo elfu. Sisi tulikuwa tumemkemea kijana kwa jambo ambalo yeye alilijua nasi hatukulijua.

Ndipo tulipofunua kurasa zilizofuata katika kitabu kile kile, tukafika kwenye habari za Lakishi.

Msomaji wa Biblia amelipita jina hili mara nyingi bila kusimama. Lakishi ni mmoja wa miji aliyoitwaa Yoshua, katika sura ya 10 ya kitabu chake. Rehoboamu aliujengea ngome. Mfalme Amazia alikimbilia huko alipofanyiwa fitina, akauawa huko huko. Mika aliutaja kwa kuulaumu, na Yeremia akautaja karibu na mwisho wa ufalme wa Yuda. Ulikuwa mji mkubwa wenye boma, wapata kilometa 40 kusini-magharibi ya Yerusalemu, ukilinda njia ipandayo toka nchi tambarare ya pwani kwenda milimani. Atakaye kuijia Yerusalemu kwa upande ule, ilimpasa kwanza kushughulika na Lakishi.

Hata mahali pa mji wenyewe palipotea. Mwaka 1890 Flinders Petrie alichimba kilima kiitwacho Tell el-Hesi, akidhani ndipo. Mwaka 1929 William Albright akasema sipo, bali ni kilima kingine, Tell ed-Duweir; na wataalamu walio wengi wakakubaliana naye. Angalieni basi, ndugu: tangu mwanzo habari hii ni habari ya watu kusahihishana.

Mwaka 1932 James Leslie Starkey alianza kuchimba Tell ed-Duweir pamoja na wenzake kutoka Uingereza. Kilima cha namna hii hakikuumbwa hivyo. Mji hujengwa, huungua, huachwa. Wengine huja wakajenga juu ya majivu, na wao nao hupita. Kwa hiyo achimbaye hushuka kama mtu ashukaye ngazi, na kila daraja ni vizazi vya watu.

Vitu vilivyotoka katika udongo ule si vya wafalme peke yao. Mwaka 2016 wachimbaji walioongozwa na Yosef Garfinkel wa Chuo Kikuu cha Waebrania cha Yerusalemu walipata pale kitana kidogo cha pembe ya ndovu, kifupi kuliko kidole. Mwaka 2022 wakatangaza ya kuwa juu yake pana herufi 17 za Wakanaani, zilizochorwa hafifu sana, nao wakadhani zapata umri wa miaka 3,700. Ni sentensi nzima, mojawapo ya zile za kwanza kabisa tuzijuazo katika herufi za namna hiyo. Nayo yasema nini? Ni ombi tu kwamba kitana hicho kiondoe chawa katika nywele na ndevu. Akina mama wanaowasuka binti zao barazani watamwelewa mwandishi yule kuliko maprofesa.

Lakini jambo kubwa la Lakishi lilitukia mwaka 701 kabla ya Kristo. Mwaka ule Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aliipandia nchi ya Yuda kwa sababu Hezekia alikuwa amekataa kumtumikia. Biblia yatuambia ya kuwa Senakeribu alikuwa Lakishi wakati Hezekia alipompelekea ujumbe wa kuomba amani, katika sura ya 18 ya Wafalme wa Pili; tena ya kuwa ni toka Lakishi alikomtuma amiri wake kwenda kuitisha Yerusalemu. Juu ya Lakishi wenyewe, jinsi ulivyoanguka na watu wake walivyopatikana, Biblia haisemi.

Wako mashahidi wengine wawili waliosema.

Shahidi wa kwanza ni adui mwenyewe. Katikati ya karne ya 19 Austen Henry Layard alichimba magofu ya Ninawi, akapata jumba la Senakeribu. Katika chumba kimoja kuta zilikuwa zimefunikwa kwa mawe yaliyochorwa vita vya Lakishi, na jina la mji limeandikwa juu yake. Mawe hayo leo yako katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London. Sisi tumeyaona kwa picha tu. Magari yenye magogo ya kubomolea yapandishwa kuuelekea ukuta. Walio juu ya ukuta watupa mienge ya moto ili kuyachoma, na askari mmoja wa Ashuru ameshika upawa mrefu, ayamwagia maji yasiungue. Upande mwingine lango la mji liko wazi, na watu wanatoka: mwanamume aongoza gari la ng'ombe, na juu ya mizigo wameketi wanawake na watoto. Wako waliotundikwa juu ya miti. Mbele kabisa Senakeribu ameketi katika kiti chake cha enzi, mateka wapita mbele yake. Uso wake katika jiwe lile umevunjwa kwa makusudi, na yadhaniwa ni kazi ya adui zake walioitwaa Ninawi mwaka 612 kabla ya Kristo.

Tulipoiangalia picha ya gari lile, na mtoto juu ya mizigo, tulikaa kimya kitambo. Tulikuwa tumeifundisha sura ile mara nyingi, tukaonyesha wokovu wa Yerusalemu, wala hatukuwafikiri hata mara moja watu wa Lakishi, waliokuwa wana wa Yuda vile vile, ambao hawakuokolewa.

Shahidi wa pili ni udongo. Katika pembe ya kusini-magharibi ya kilima lingali liko lundo kubwa la mawe, maelfu ya tani, lililopangwa na jeshi la Ashuru liwe njia ya kupandishia magogo yao. Ni la zamani kuliko malundo yote ya vita ya namna hiyo yajulikanayo leo. Ndani ya ukuta, upande ule ule, wenyeji nao walirundika udongo na mawe wapate ukuta mwingine wa kusimamia kama wa kwanza ukibomoka. Pameokotwa pale vichwa vya mishale kwa mamia, na mawe ya kombeo. Tena katika pango moja nje ya mji Starkey alikuta mifupa ya watu wapatao 1,500, imetupwa pamoja.

Senakeribu aliacha pia maandiko yake juu ya vita ile katika nguzo ndogo za udongo uliochomwa. Ajisifu ya kuwa aliitwaa miji 46 yenye maboma, na ya kuwa alimfungia Hezekia katika Yerusalemu kama ndege katika tundu. Lakini hasemi ya kuwa aliitwaa Yerusalemu. Na mfalme mwenye majivuno kama yeye, kama angaliutwaa, asingalinyamaza. Chumba kile cha jumba lake alikipamba kwa Lakishi, si kwa Yerusalemu. Katika hilo adui na Biblia wapatana. Wapatana pia juu ya dhahabu ya kodi, talanta 30. Juu ya fedha hawapatani: Biblia yasema talanta 300, Senakeribu asema 800. Wako walioeleza tofauti hiyo kwa njia hii au ile. Sisi hatuna haja ya kuificha. Mwalimu afichaye talanta 500 leo, kesho kijana ataziona katika kitabu chake, naye atauliza ni nini kingine kilichofichwa.

Sasa tuje kwa neno lililotugusa zaidi. Starkey alipochimba alikuta mji umeungua mara mbili, moto mmoja juu ya mwingine. Akasema moto wa juu ni wa Nebukadreza alipouharibu ufalme wa Yuda, kama mwaka 587 au 586 kabla ya Kristo, na wa chini ni wa Nebukadreza vile vile, kama miaka kumi nyuma yake, mwaka 597. Januari 1938, alipokuwa njiani kwenda Yerusalemu, Starkey alishikwa na watu wenye silaha, akauawa. Kazi ya kuandika yaliyopatikana ikamwangukia msaidizi wake, mwanamke aitwaye Olga Tufnell. Alivipima vyombo vya udongo mwaka baada ya mwaka, akaona ya kuwa mkuu wake alikosea: moto wa chini haukuwa wa Nebukadreza, ulikuwa wa Senakeribu, zaidi ya miaka 100 kabla. Mwaka 1953 akaliandika hilo katika kitabu chake. Wakubwa wengi wa elimu ile walimkatalia.

Yeye hakugombana nao, wala hakuligeuza neno lake. Mwaka 1973 David Ussishkin alianza kuchimba tena, na katika majivu ya moto wa chini akapata mitungi yenye muhuri wa mfalme wa Yuda, ya namna ile ya siku za Hezekia. Ikadhihirika ya kuwa Olga Tufnell alisema sawa. Alikuwa angali hai. Alifariki mwaka 1985. Basi twauliza: je, alimvunjia marehemu mkuu wake heshima? Sisi twaona alimheshimu, kwa maana aliimaliza kazi yake kwa uaminifu, hata mahali palipomsahihisha.

Linabaki jambo la mwisho, nalo ndilo lililotupa jina la makala haya. Mwaka 1935, katika chumba cha lango, ndani ya majivu ya moto wa juu, wachimbaji walipata vigae 18 vilivyoandikwa wino kwa Kiebrania. Mwaka 1938 wakapata vitatu zaidi. Vilikuwa vipande vya mitungi iliyovunjika, kama vile watoto wetu wavichezeavyo jikoni. Katika siku zile vilikuwa karatasi ya watu wasio na mali. Juu yake ziko barua za askari, zilizoandikwa mji ulipokuwa karibu kuanguka.

Barua moja yatoka kwa mtu aitwaye Hoshayahu, kwa mkuu wake Yaush. Ameudhika sana. Inaonekana mkuu alimwandikia maneno yenye maana ya kwamba hajui kusoma barua. Hoshayahu anaapa kwa Mungu aliye hai ya kuwa hapana mtu aliyewahi kujaribu kumsomea barua, na ya kuwa kila barua imjiayo huisoma mwenyewe na kuweza kuisimulia yote. Tulicheka tuliposoma haya, kisha tukaacha kucheka. Vita vi karibu, naye moyo wake wauma kwa sababu ameambiwa si msomi! Tulimjua mtu yule. Ndiye aliyesimama mbele ya darasa la ubatizo, akamkemea kijana.

Lakini iko barua nyingine, nayo ndiyo dawa. Mwandishi aeleza ya kuwa ametenda yote aliyoagizwa, kisha amalizia kwa kusema ya kuwa wao wanazitazamia ishara za moto za Lakishi, kama walivyoelekezwa, kwa kuwa Azeka hauonekani. Basi.

Yeremia 34 yatuambia ya kuwa Lakishi na Azeka ndiyo miji yenye boma iliyokuwa imesalia katika Yuda. Kwa hiyo wako waliosoma kigae kile wakasema, Tazama, Azeka ulikuwa umekwisha kuanguka usiku ule. Huenda ni kweli. Lakini kigae hakisemi hivyo. Mtu yule hakuandika ya kuwa Azeka umeanguka, wala hakumtuliza mkuu wake kwa kusema kwamba Azeka u salama. Aliandika ya kuwa hawauoni. Alikuwa katika hatari ya kufa, na bado hakuongeza neno moja juu ya kile macho yake yalichokiona.

Tulifunga kitabu. Tukajua ya kuwa shahidi ni huyo.

Likizo iliyofuata tulikwenda nyumbani kwa yule bibi. Kijana alikuwa akipasua kuni. Akaweka shoka chini, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Tukaitikia, tukamwomba bibi yake atoke nje asikie, kwa kuwa tulimwaibisha mbele yake. Tukasema, "Mwanangu, siku ile wewe ulisema kweli, nasi hatukujua, tukakukemea kwa kuficha kutojua kwetu. Tulikukosea. Utusamehe." Bibi akasema upesi, "Hapana, Mwalimu, yeye ni mtoto." Tukamjibu, "Mama, mtoto pia hukosewa." Kijana alitazama kuni zake kitambo, kisha akasema, "Nimesikia, Mwalimu." Hakusema zaidi, wala hatukumsukuma. Tulikunywa chai, tukaenda zetu.

Jumapili ile hakuja. Ya pili yake alikuja, akaketi karibu na mlango. Baada ya ibada alitungoja nje, akauliza, "Mwalimu, na huu mji wa Lakishi, ni kweli au nao utabadilika?" Tukamwambia, "Mengine ni ya hakika, mengine bado yanatafutwa. Njoo tusome pamoja tuyatenge." Tulisoma pamoja hata likizo ilipokwisha.

Sasa yuko mbali, katika masomo ya juu, naye hututumia maswali. Mengine twaweza kuyajibu. Mengine ni magumu mno kwetu, na hayo twamjibu kwa neno moja tu, naye hulielewa: Azeka hatuuoni.

Walimu wenzetu, na ninyi wazazi mnaoulizwa maswali na watoto mezani jioni, msione aibu kulitumia neno hilo. Imani ya nyumba zetu haikujengwa juu ya ukuta ambao mchimbaji mmoja aweza kuuinua na mwingine kuuangusha. Bali mtoto aliyedanganywa na mzazi wake katika jambo la mawe, atawezaje kumsadiki katika mambo ya Mungu? Mwambieni mlichokiona. Msichokiona, mwambieni hamkukiona. Kisha kaeni pamoja naye mkitazamia ishara ya moto.

Bwana na azilinde nyumba zenu.